Mchaichai wa Barabara ya Kumi na Nne

Ngamiani, Tanga, barabara zina namba badala ya majina, na miaka ile mtu akikuuliza unakaa wapi ulimjibu kwa hesabu tu: ya tisa, ya kumi na mbili, ya ishirini. Sisi tulikuwa ya kumi na nne. Nyumba ya Bibi ilikuwa ya mawe na udongo, imepigwa lipu mbele na kuachwa nyuma, na bati lake lilikuwa limeshika kutu. Mbele palikuwa na baraza, katikati ukumbi mrefu wenye vyumba huku na huku, na nyuma uwani, ambako ndiko tulikoishi hasa: jiko la mkaa, kisima chenye kifuniko cha bati, choo, kamba ya nguo, banda la kuku. Kando ya ukuta uliopigwa na jua kutwa, kuanzia kwenye jiwe la kufulia hadi karibu na mlango wa nyuma, ilikuwepo safu ya michaichai.

Naiandika habari ya safu ile kwa sababu wenzangu wakisimulia miaka ya mwanzo ya themanini husimulia foleni peke yake. Foleni zilikuwepo, nami nilizisimamia. Lakini katika miaka hiyohiyo sikumwona Bibi akimrudisha mgeni bila kikombe cha moto, na kilichomwezesha ni mmea uliostawi kwenye joto lililoua sehemu kubwa ya vitu vingine tulivyovipanda.

Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliikausha hazina ya nchi, bei ya mafuta duniani ikapanda wakati uleule, na mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977. Kwa mtu wa Tanga, kufungwa kwa mpaka hakukuwa habari ya gazetini. Horohoro si mbali, Wadigo wana ndugu pande zote mbili, na bidhaa za Mombasa zilikuwa zikiingia kwetu tangu wazee wetu hawajazaliwa. Sasa zilipita usiku, kwa njia za panya, kwa bei ambayo Bibi hakuiweza wala hakuitaka. Vitu vya halali viligawiwa dukani kwa zamu. Alfajiri tulipanga mawe kwenye foleni, kila jiwe likishika nafasi ya mwenyewe, na watu waliyaheshimu mawe yale. Mara nyingi duka lilifunguliwa, kidogo kilichokuwemo kikaisha kwa watu wa mbele, tukarudi nyumbani na vikapu vitupu. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi, kwa siku chache mitaani palizungumzwa bidhaa zilizofichuliwa maghalani kuliko jambo jingine lolote. Kisha foleni zikaendelea.

Sukari iliadimika, sabuni iliadimika, na majani ya chai yaliadimika vilevile. Siku ambazo anga ni safi tuliiona milima ya Usambara upande wa machweo, na huko juu Amani mashamba ya chai yalikuwa yakichumwa. Chai ile ilitakiwa nje, nchi ipate fedha za kigeni. Sisi huku chini pakiti moja tuliigawa kwa kijiko.

Asiyekulia pwani huenda asione uzito wa jambo hilo. Kwetu mtu hapigi hodi akaondoka hivihivi. Baada ya alasiri wageni huanza kupita: mwenye salamu za mgonjwa, mwenye mashauri ya posa, mwenye kuja kukaa tu kwa sababu kwake kuna joto na barazani kwako kuna upepo. Ukimkaribisha mtu ukakosa hata chai ya kumpa, aibu haimwendei yeye, inakubakia wewe mwenye nyumba. Niliona watu wazima wakijifungia vyumbani na kunyamaza kimya hodi inapopigwa. Hawakuwa na roho mbaya, hawakuwa na cha kutoa. Ukata ule uliwafundisha watu kuwakimbia wageni, na mimi naona hilo ndilo lililoiumiza miji yetu kuliko kukosa sukari kwenyewe.

Bibi hakuukimbilia mchaichai kwa dhiki. Alikuwa akiutia kwenye chai tangu ujana wake Muheza. Majani ya chai yalipokosekana aliyaondoa majani ya chai, akabakisha mchaichai, basi. Hakuomba radhi kwa mgeni wala hakusema "leo tumekosa". Alisema, "Karibu chai," na iliyokuja ilikuwa chai.

Namna yake ya kuipika naikumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa. Nilipewa kisu kidogo chenye mpini wa kamba na kuambiwa nikate majani ya nje, yale marefu yaliyokwisha kukomaa, niyaache ya ndani yaendelee. Jani la mchaichai linakata. Ukingo wake una meno madogo sana yaliyoelekea nchani, kwa hiyo ukilipapasa kutoka shinani kwenda nchani halikudhuru, ukirudisha mkono chini ndipo linapokuchana. Bibi alinifundisha kulishika hivyo kabla hajanipa kisu. Nikifika jikoni aliyasuuza majani, akayakung'uta, akayakunja manne au matano pamoja na kuyafunga fundo. Fundo lilikuwa na kazi mbili: kuyapondaponda ili yatoe harufu, na kuyazuia yasisambae sufuriani yakaingia vikombeni.

Maji yalisubiriwa yachemke kwanza. Yakishatokota, sufuria iliepuliwa mekoni, mafundo yakatumbukizwa, na papo hapo mfuniko ukawekwa na kitambaa kilichokunjwa juu yake. "Funika!" lilikuwa neno la kila siku. Harufu ya mchaichai inatokana na mafuta yaliyomo ndani ya jani, mafuta mepesi yanayopanda na mvuke, na mvuke ukiachiwa utoke, mgeni wa barazani atanusa chai nzuri kisha atakunywa maji ya nyasi. Ndivyo ilivyokuwa kwa majirani waliouchemsha mchaichai mpaka jani likapoteza rangi. Walisema hauna ladha, na ladha yenyewe ilikuwa imeshapita dirishani. Bibi aliacha sufuria ifunikwe kwa muda wa kukuna nazi moja, kisha akamimina. Chai ilikuwa na rangi ya manjano iliyokaribia kijani, na harufu ya ndimu bila ukali wa ndimu.

Kukosa ukali huko kulikuwa na faida nyingine. Jirani mmoja alifuga ng'ombe nyuma ya nyumba yake, na mara mojamoja alituletea maziwa. Ukikamulia ndimu kwenye maziwa ya moto yanakatika. Mchaichai hauna asidi ile, una harufu yake tu, na maziwa yanaupokea vizuri. Chai ya maziwa ya mchaichai yenye kipande cha tangawizi kilichopondwa ndiyo chai niliyoipenda kuliko zote utotoni, na hata sasa sijapata iliyoipita. Sukari ilipokosekana tulikunywa na sukari guru, au kila mtu akaweka pipi mdomoni na kupitishia chai juu yake. Mfungo wa Ramadhani zikipatikana tende, tende zilitosha.

Mchaichai haukuishia kwenye chai. Ule weupe wa shina, sehemu nene iliyo karibu na mzizi, Bibi aliutwanga kwenye kinu kidogo pamoja na kitunguu saumu na chumvi, akampakaza changu kabla ya kumkaanga. Desturi hiyo sikuiona jiko jingine pale mtaani, na aliyemfundisha hakuwahi kumtaja. Uji wa mchele wa tui la nazi ulitiwa fundo moja la majani dakika za mwisho. Watoto wenye mafua walifukizwa: sufuria la maji ya moto lenye mchaichai na majani ya mlimau, blanketi juu, jasho likitutiririka nasi tukilalamika humo ndani. Pua zilifunguka. Lakini homa ikiwa ni ya malaria Bibi hakubishana nayo kwa majani, alifunga kanga yake na kutupeleka Bombo hospitali. Namheshimu sana kwa hilo. Aliupenda mmea wake kwa kiasi cha kujua kazi yake inaishia wapi.

Sasa niseme habari za kuupanda, maana watu hudhani mchaichai unajiotea tu. Kuota unaota, ila kustawi kunahitaji mtu anayeutazama.

Tanga ina joto la unyevunyevu. Wakati wa kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, jua la mchana hufikia nyuzi 32 na 33, usiku nao haupoi, na udongo wa kwetu ni mchanga unaopitisha maji mara moja. Mboga na viungo vingi vya bara havivumilii hali hiyo. Jirani yetu wa nyumba ya tatu, mke wa mwalimu, alikuwa mwenyeji wa Lushoto. Alikuja na mbegu za kotimiri kutoka kwao, ambako kotimiri hukaa bustanini ikachumwa na kuchumwa. Akaipanda uwani kwake kwa uangalifu wote, akaijengea kichanja cha makuti, akaimwagilia asubuhi na jioni. Ilichipua vizuri. Kabla haijafika kiasi cha kuchumwa ikarefuka, majani yakageuka membamba, na vichwani yakatoka maua meupe. Alimwita Bibi aje aone, akidhani pana mtu amemfanyia husuda.

Bibi aliichungulia akacheka kwa upole. "Mwanangu, hii yaogopa joto. Ikisikia joto yafanya haraka kuzaa, ipate kufa imeacha mbegu." Alikuwa na haki kabisa: kwenye joto kotimiri huacha kazi ya majani ikakimbilia maua. Akamwambia asiing'oe. Mbegu zilipokomaa na kukauka zikawa giligilani safi, wakazikaanga kavu na kuzisaga, na bizari ile ikatumika nyumba zote mbili. Kotimiri ya majani waliendelea kuinunua sokoni kwa wanawake wa Kisambaa walioteremka na basi kutoka milimani, mafungu yamefunikwa kwa magunia yenye maji. Nilijifunza pale, kabla shule haijanifundisha, kwamba mkulima wa mahali pa joto hapigani na joto. Anachagua rafiki wa joto, kisha anamtunza. Mke wa mwalimu aliondoka siku hiyo na shina la mchaichai, na uwani kwake pale penye kichanja, kichanja kikaondolewa.

Maana mchaichai hautaki kivuli. Bibi aliuweka penye jua kamili, karibu na ukuta ambao mchana usingeweza kuugusa kwa kiganja. Aliupanda kwenye tuta lililoinuka kidogo, kwa sababu unachopenda ni maji yanayopita, si maji yanayotuama. Mizizi ikilala kwenye tope huoza. Kati ya shina na shina paliachwa hatua moja ya mtu mzima, nasi watoto tuliona ni ubadhirifu wa nafasi hadi mwaka wa pili mashina yalipokutana na kuziba njia. Maji ya kuoshea mchele hayakumwagwa hata siku moja, yalikwenda huko. Samadi ya ng'ombe wa jirani, iliyokaa mpaka ikapoteza ukali, ilitiwa mwanzo wa mvua. Kuku walitaka kuparua chini yake kutafuta wadudu, kwa hiyo kila shina lilizungushiwa mawe. Mbuzi wa mtaani waliingia mara kwa mara, wakaonja, wakaacha.

Wakati wa ukame majani yalijikunja na ncha zikakauka zikawa na rangi ya makuti. Mgeni angedhani umekufa. Bibi hakuhangaika, aliupa maji kidogo jioni akasubiri. Yeye alishikilia kwamba jani la kaskazi, dogo na gumu, lina harufu kali kuliko jani la masika lililonona kwa mvua, na kwa chai ya wageni aliowaheshimu zaidi alichagua jani la kaskazi. Baada ya masika ulikuja ugonjwa: mistari ya kahawia, unga wa kutu ukibaki vidoleni. Dawa yake ilikuwa kisu. Aliyakata majani yote yaliyoguswa, akayachoma moto mbali na safu, na chipukizi zilizofuata zikawa safi.

Kazi kubwa ilikuwa kugawa mashina. Mchaichai ukikaa miaka mitatu, minne pale pale, katikati huanza kufa. Unabaki duara lenye uhai pembeni na majani makavu ndani. Hapo lazima ung'olewe. Masika yakianza, mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, baada ya mvua mbili tatu kuulainisha udongo, Bibi alimwita kijana mwenye nguvu aje na jembe. Shina lote likanyanyuliwa, likatandazwa kwenye gunia, nasi tukakaa kulizunguka. Alilipasua kwa mikono na panga. Kila kipande kilitakiwa kiwe na mizizi yake, hata michache. Majani yalifupishwa yakabaki ya shubiri moja, ili mizizi iliyojeruhiwa isidaiwe maji mengi kuliko inavyoweza kuyapata. Kikafukiwa mpaka ule weupe ufunikwe tu, si zaidi. Vya katikati vilivyokufa vilikwenda motoni.

Mzee mmoja wa Kisambaa, aliyekuwa mtunza bustani Amani siku za Waingereza, alipenda kufika nyakati hizo za kugawa. Amani ndiko Wajerumani walikofungua kituo chao cha utafiti wa mimea mwaka 1902, wakaleta miti na majani kutoka kila upande wa nchi za joto, na Waingereza wakakirithi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mzee yule alijua majina ya mimea kwa Kilatini na aliyatamka kwa lafudhi ya kwao, taratibu, kwa heshima. Siku moja aliniuliza, "Weye unayekata kila siku, umewahi kuliona ua la mchaichai?" Nikafikiri, nikasema sijaliona. "Hutaliona. Huu wa kwenu hautoi ua, hautoi mbegu. Watoka shina kwa shina. Kwa hiyo humu mtaani hamna michaichai mingi. Mna mmoja tu, umekatwakatwa."

Maneno yale yalinishika nisiweze kuyaacha. Nilizunguka nyuma za nyumba za barabara yetu nikiutazama. Kwa fundi cherehani ulikuwa umetoka kwa Bibi. Kwa mke wa mwalimu ulitoka kwa Bibi. Kwenye ua wa madrasa, ambako mwalimu aliutumia kwa chai ya Alhamisi, ulitoka kwa fundi cherehani. Na wa Bibi mwenyewe ulikuja naye kutoka Muheza alipoolewa, umeviringishwa kwenye kipande cha gunia kibichi, na ulikuwa umetoka kwa mama yake. Mmea mmoja ulikuwa umelala uwani kwa watu wasiofanana kabila wala kipato, na kila mmoja aliuita wake kwa haki.

Bibi hakuuza hata jani. Mchuuzi mmoja alimwambia kwamba mafungu yake yangechukuliwa sokoni asubuhi na mapema, na katika miaka ile fedha ilihitajika. Akamjibu kwamba shina alilopewa bure hawezi kulitia bei. Siwalaumu wanaouza, na wengine wamesomesha watoto kwa mafungu ya viungo. Ninachosema ni kwamba kwa kukataa kwake ndiko barabara nzima ilikokuwa na chai. Waliochukua walirudisha kwa namna zao. Mihogo ilikuja, dagaa walikuja, na zamani zile kali kuliko zote mtu mmoja alileta sukari imefungwa kwenye ncha ya kanga, akaifungua mbele ya Bibi bila kusema neno.

Siku ya msiba wa fundi cherehani ndiyo niliyoiona safu ikifanya kazi yake kubwa. Alifariki masika yamekwisha kuanza. Ni mtu aliyewashonea watu wengi, kwa hiyo watu walikuja kutoka Makorora, Chuda, Pongwe, na jamaa zake wa Pangani. Nyumba yake haikuwa na majani ya chai wala haikuwa na mahali pa kuyapata. Wanawake walikusanyika wakitazamana. Bibi akarudi nyumbani, akachukua panga badala ya kisu, akaniita na wajukuu wengine, akaanza mwisho wa ukuta. Alikata kila shina kiasi cha kitanga juu ya ardhi. Safu yote. Nilikuwa sijawahi kuuona ukuta ule uchi. Tuliyabeba majani vichwani kwenye mabeseni, mvua ya manyunyu ikitupiga, na njia nzima kutoka kwetu hadi msibani ilinukia.

Masufuria matatu makubwa ya kukodi yalibandikwa mekoni. Waliofika walipewa vikombe vya bati, glasi, makopo, chochote kilichokuwepo. Sukari ilichangwa kidogo kidogo kutoka nyumba hadi nyumba, na ilipokwisha chai ilinywewa tupu. Hitima ilisomwa, watu wakanywa, wengine wakalala kwenye mikeka hadi asubuhi na chai ikapikwa tena. Wazee waliotoka Pangani waliuliza mchaichai huu ni wa nani, na wenyeji walijibu, "Wa hapa mtaani." Bibi alilisikia jibu lile nami nilikuwa pembeni yake. Hakulisahihisha.

Nilidhani safu imekwisha. Lakini mzizi ulikuwa mzima na mvua ilikuwa inanyesha. Chipukizi zilitokeza ndani ya wiki ile, kijani kilaini, na kabla masika hayajaaga zilikuwa zimefika magotini kwangu. Mmea ukikatwa chini wakati wa ukame unaweza kukupotea. Ukikatwa masika unarudi na nguvu mpya. Bibi alilijua hilo alipoinua panga, na pengine ingekuwa Februari angelikata hivyohivyo.

Mwishoni mwa 1985 Mzee Mwinyi akawa Rais, na taratibu bidhaa zikarudi. Mpaka ulikuwa umefunguliwa tangu 1983. Watu wakaanza kusema ruksa, mitumba ikajaa, na majani ya chai yakapatikana dukani kwa yeyote mwenye fedha. Nyumba kadhaa ziling'oa michaichai yao wakati huo. Iliwakumbusha dhiki, na kumpa mgeni chai isiyo na majani ya dukani kulianza kuonekana unyonge. Niliona mashina yametupwa kwenye jalala la barabara ya kumi na tano, mizizi juu, nikaumia. Bibi aliyapokea majani ya dukani kwa furaha, akayarudisha kwenye sufuria pamoja na mchaichai, mkandaa mzito wenye fundo la majani, vile alivyokuwa akinywa Muheza.

Shangazi yangu aliolewa Muscat mwaka 1987. Alikwenda na vipande vya shina ndani ya kitambaa kibichi, katikati ya nguo zake, na barua yake ya kwanza ilijaa wasiwasi. Kule kiangazi kinapita nyuzi 40, upepo unatoka jangwani umekauka, na majani yamebabuka. Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa Bibi, maana macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Nilikaa barazani na karatasi nyepesi ya barua ya ndege, yeye akisema nami nikiandika. Alitaka kujua kwanza ukuta umeelekea wapi. Kisha akamwagiza: joto si neno, umezoea joto, ila huko hewa ni kavu, kwa hiyo upe kivuli cha adhuhuri tu, asubuhi uache upigwe na jua. Funika udongo kwa makuti ya mtende. Maji mengi jioni, kisha uache mpaka udongo ukauke kidole kimoja. Usikate jani hata moja mpaka uone chipukizi tano. Majirani zako ni kina nani?

Majibu yalichukua muda. Shangazi alikuwa ameuhamishia chini ya mashine ya kupoza hewa, pale maji yake yanapodondokea, na ukuta ukiukinga saa za adhuhuri. Ulikuwa umeshika. Jirani yake mmoja Mbulushi alipopewa majani aliyapika na maziwa na zafarani, akampelekea sufuria nzima. Ndani ya barua hakukuwa na zafarani, ila mgeni aliyekuja likizo alituletea kikaratasi kilichokunjwa mara nyingi, na ndani yake nyuzi chache nyekundu.

Bibi alizijaribu jioni ileile. Alichemsha maziwa, akatia nyuzi mbili, akafunga fundo, akafunika. Chai ilitoka na rangi ya dhahabu, nasi wote tukasimama kuitazama. Alikunywa taratibu hadi nusu ya kikombe. Akasema zafarani yao ni nzuri sana, lakini yaufunika mchaichai, na zilizobaki zitiwe kwenye pilau ya Idi. Kisha akanituma kwenye safu nikate majani mengine, kwa sababu palikuwa na mtu anapiga hodi.